Ukurasa wa Arobaini na Saba

Jumanne, saa nne asubuhi, kijana wa mwaka wa tatu alifika kwenye kaunta ya maktaba ya chuo akihema kama mtu aliyekuwa anatafuta mtoto aliyepotea sokoni. Simu mkononi, begi limening'inia bega moja, jasho mpaka kwenye kola.

"Mama Maktaba, mimi nimeshindwa. Rafu zote nimepita, juu, chini, mpaka kule kwenye magazeti ya zamani. Hiki kitabu kimefichwa."

"Hakuna anayeficha vitabu hapa, mwanangu. Hata wezi hawavitaki."

Foleni nyuma yake ikacheka. Mkutubi mwenyewe hakucheka, alikuwa amechoka. Ilikuwa ile wiki ya mwisho ya kuwasilisha tasnifu, wiki ambayo chuo kizima hukumbuka kwa pamoja kwamba kuna jengo linaitwa maktaba. Miaka kumi na tisa kwenye kaunta ile, na kila mwaka wiki hiyo miguu yake inavimba mpaka viatu vinagoma. Akapokea kikaratasi cha kijana, akashusha miwani kutoka kichwani, akasoma.

Akasoma tena.

Kitabu kilikuwa cha kufundisha hesabu kwa watoto wadogo, na jina la mwandishi lilikuwa la bibi yake. Bibi yake mzaa mama, aliyemlea, fundi wa kushona viraka, mwanamke aliyeondoka duniani bila kuweza kusoma hata kadi yake ya kliniki.

"Hii umeitoa wapi?" akauliza, kikaratasi bado mkononi.

"Kwenye tasnifu ya kaka mmoja aliyemaliza mwaka juzi. Amemnukuu vizuri sana huyo mama. Ukurasa wa arobaini na saba."

Arobaini na saba. Namba ya nyumba ya bibi.

"Nipe mpaka kesho," akasema mkutubi. "Kaa hapo pembeni, tafuta kingine."

"Lakini kipo?"

"Nimesema nipe mpaka kesho."

*

Sasa jambo lenyewe lilikuwa hivi. Miaka sita nyuma, mkutubi alianzisha kipindi cha kuwafundisha wanafunzi wapya kutumia maktaba: kitabu unakitafutaje kwenye katalogi, chanzo cha kuaminika unakijuaje, marejeo unayaandikaje. Hakuna aliyemtuma. Alichoka tu kuona watoto wanafika mwaka wa mwisho hawajui namba iliyo mgongoni mwa kitabu ni ya nini, wengine wanadhani ni bei.

Akaandaa karatasi moja ya mafunzo. Alihitaji mfano wa rejeo, na alikwepa kutumia kitabu cha mhadhiri yeyote wa pale, maana alizijua nongwa zao. Ukimtaja mmoja, wenzake sita wananuna mwaka mzima. Basi akatunga. Akachukua jina la bibi yake, akaliwekea jina la kitabu, mwaka, na kampuni ya uchapishaji ambayo haijawahi kuwepo. Chini yake akaandika na mfano wa nukuu, kwa sababu bibi alimfundisha kuhesabu kwa vifungo vya mashati ya watu: "Mtoto anayehesabu vitu alivyovishika mkononi huelewa hesabu mapema kuliko anayehesabu namba za ubaoni (uk. 47)." Na juu kabisa ya karatasi akaandika kwa herufi kubwa kwamba mfano huu ni wa kubuni.

Tatizo ni mashine ya fotokopi. Mashine ile hula sentimita mbili za juu. Kila mtu pale chuoni anajua, ndiyo maana barua zote zinazotoka pale hazina tarehe. Mstari wa juu ukaliwa. Mwaka uliofuata wakatoa nakala ya ile nakala, na mwaka uliofuata vilevile. Miaka sita, na yeye mwenyewe hakuitazama tena ile karatasi, maana mtu hatazami kitu anachokijua kwa moyo.

Saa ya chakula alijifungia kwenye chumba cha tasnifu za zamani. Akavuta moja, akafungua ukurasa wa marejeo. Bibi yupo. Akavuta nyingine. Bibi yupo. Mpaka anamaliza rafu, tasnifu kumi na moja zilikuwa zimemnukuu fundi wa viraka. Mmoja alimwita mtaalamu mbobezi. Mwingine aliandika kwamba nadharia yake imekubalika kwa wengi. Na mmoja, binti mwenye ujasiri wake, alikuwa amempinga bibi aya nzima, akisema hoja zake zimepitwa na wakati.

Mkutubi akataka kucheka, kisha akafunua mwanzoni. Kila tasnifu ilikuwa na fomu ya maktaba ukurasa wa mbele: marejeo yamehakikiwa. Muhuri. Na chini ya muhuri, saini yake yeye. Mara kumi na moja.

Kwa sababu ukweli ndio huu: wanafunzi mia mbili wanaleta fomu ndani ya siku tano, mkutubi ni mmoja. Alikuwa anachagua marejeo matatu kwenye kila orodha, akiyakuta, anagonga. Mengine anamwachia Mungu.

*

Nyumbani alimkuta mume wake mezani, mgongo umepinda juu ya kompyuta ya kuazima. Mtaa mzima unamwita Mwalimu, na yeye alizoea kumwita hivyohivyo. Alikuwa anafundisha hesabu darasa la pili, na kwa miaka miwili alikuwa kaimu mwalimu mkuu msaidizi, ile kaimu ambayo kazi zote ni zako ila cheo si chako. Barua ilikuwa imekuja: asiyekuwa na shahada, au angalau risiti ya kuwasilisha tasnifu yake, mpaka mwisho wa wiki, akabidhi ofisi. Miaka minne ya masomo ya jioni ilikuwa inaishia Ijumaa saa sita mchana. Akikosa Ijumaa hiyo, dirisha lingine ni baada ya miezi minane.

Kwenye kochi, miguu juu ya kigoda, alikuwa mama yake mkutubi, anayeishi nao tangu magoti yamkatae. Alikuwa anasikiliza redio kwa sauti ya chini.

"Afadhali umerudi," Mwalimu akasema bila kuinua kichwa. "Fomu yako hiyo hapo. Gonga kesho nikajalidi."

Mkutubi akaichukua orodha ya marejeo akiwa bado amesimama, mkoba begani. Hakutaka kutazama. Akatazama. Namba kumi na tisa.

"Mwalimu. Hii ya kumi na tisa umeisoma?"

"Ipi?"

Akamsomea jina la kitabu.

"Aaa, hiyo! Nimeisoma, ndiyo. Kitabu kizuri sana kile. Sura yangu ya pili yote imesimama hapo."

"Ulikipata wapi?"

"Si hapo kwenu?"

"Kikoje?"

Mwalimu akajikuna shingo. "Kama vitabu vingine. Jalada la kijanikijani hivi. Kimechakaa kidogo."

Mkutubi akakaa. Hasira angeiweza. Kilichomjia ni uchovu, wa mtu aliyefua siku nzima halafu mvua ikamkuta na nguo kambani. Miaka minne alikuwa amemwambia mume wake aje kwenye kipindi, Jumamosi moja tu, saa mbili tu. Jibu lilikuwa lilelile: nikae na watoto nifundishwe na mke wangu kutafuta kitabu? Badala yake alikuwa anaazima tasnifu za waliomtangulia, anachota humo. Na leo amemdanganya jalada la kijani, yeye, anayevijua vitabu vya hesabu vya maktaba ile hadi vyenye mende.

"Mwalimu, hicho kitabu hakipo."

"Kimeibiwa?"

"Hakijawahi kuwepo. Nilikitunga mimi."

"Wewe? Utunge kitabu?"

"Kitabu hapana. Nilitunga jina tu. Kwa karatasi ya mafunzo. Huyo mwandishi ni bibi yangu."

"Bibi Viraka?"

"Viraka ni jina la mtaani. Hilo ndilo jina lake la kweli." Akalitamka lote, majina matatu.

Kwenye kochi redio ikazimwa. "Nani anamtaja mama yangu?"

"Hakuna kitu, Mama," Mwalimu akawahi.

"Mimi magoti ndiyo yamekufa, masikio yapo. Mama yangu amefanya nini?"

Ikabidi aelezwe. Akaelezwa mara mbili, na ya pili akawa anatabasamu kwa fizi zote. "Kwa hiyo mama yangu amekuwa profesa."

"Mama, si mzaha."

"Na wamepata digrii kwa jina lake? Watu kumi na moja? Yule aliyekuwa anashika gazeti kichwa chini miguu juu, wateja wasimdharau?" Akacheka mpaka akakohoa. "Hebu nisomee alichosema."

Mkutubi akasoma ile nukuu. Mama akatulia, kidole gumba kikawa kinasugua kidole cha shahada, kama kinatafuta kifungo.

"Huyo ni mama kabisa. Kumi kumi, akivipanga kwenye kanga. Sasa tatizo liko wapi? Si amesema kweli?"

"Umesikia!" Mwalimu akaruka. "Umesikia mama yako? Hoja ni ya kweli! Mimi nafundisha darasa la pili, naiona kila siku na visoda vyangu vya kuhesabia. Sasa kitabu kiwepo kisiwepo, kuna aliyeumia?"

"Umeandika umekisoma."

"Na wewe ulipiga muhuri umekiona!"

Hilo lilimpata pale pale lilipolengwa.

"Nilipiga," akasema. "Sikujua."

"Basi endelea kutojua mpaka Ijumaa. Nakuomba. Kumi na moja wamepita, wengine sasa hivi wana magari. Wa kumi na mbili ndiye mumeo, na hapo ndipo unakumbuka kazi yako?" Sauti yake ilishuka. "Mama watoto, nina miaka arobaini na nane. Yule kijana wanayetaka kumpa ile ofisi nilimfundisha mimi kujumlisha."

Mkutubi alimtazama mama yake, kama watu wazima wanavyowatazama mama zao wakikwama, kwa kuficha.

"Mimi si nipo?" mama akasema. "Mniulize mimi. Nilihesabu vifungo hivyohivyo."

"Inawezekana, Mama. Yanaitwa mahojiano, nayo ni chanzo halali. Lakini si hivihivi tu. Anaandaa maswali, anaomba kibali kwa msimamizi wake, anatafuta na wengine waliojifunza hivyo, halafu sura ya pili anaifumua yote na kuishona upya."

"Mpaka Ijumaa?" akauliza Mwalimu.

"Si mpaka Ijumaa."

Mwalimu akafunga kompyuta, si kwa kishindo, taratibu tu. Heri angeibamiza.

*

Jumatano asubuhi mkutubi aligonga mlango wa mkuu wa maktaba, mtu mpole mwenye ofisi isiyo na kitabu hata kimoja. Akamweleza yote, akamwekea mezani ile karatasi na orodha ya zile kumi na moja. Mkuu aliisoma akiwa amejishika paji la uso.

"Nani mwingine anajua?"

"Mume wangu na mama yangu."

"Basi waambie wanyamaze. Mwezi ujao wakaguzi wanakuja. Unataka niwaambie tuna mwandishi hewa?"

"Kuna kijana ameniuliza kaunta, mbele ya foleni nzima. Anakitafuta. Nimwambie nini, mkuu? Aendelee kutafuta?"

"Mwambie kimepotea."

"Kikipotea mtu atakinukuu. Kilichopotea kilikuwepo."

Mkuu akavuta pumzi ndefu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kustaafu Desemba. Mwishowe akakubali wabandike kikaratasi ndani ya kila tasnifu. Akaandika mwenyewe: rejeo hili ni kosa la mwanafunzi.

"La maktaba," akasema mkutubi.

"Nini?"

"Kosa ni la maktaba. Karatasi ni yetu, mashine ni yetu, muhuri ni wetu."

"Muhuri ni wako," mkuu akamrekebisha. Akanyoosha mkono, kiganja juu, akasubiri.

Mkutubi alirudi kaunta, akautoa muhuri kwenye droo, na kidau chake cha wino, akavipeleka. Wanafunzi kwenye foleni walimtazama akipita navyo kama mtu anayerudisha sare ya kazi. Mchana aliletewa barua ya onyo ndani ya bahasha iliyo wazi, ili aliyeileta naye asome njiani. Barua haikuwa na tarehe. Alasiri akabandika vikaratasi kumi na moja kwa gundi, kimoja kimoja. Vilisomeka: kosa ni la maktaba. Hilo alilipata, angalau.

Kijana wa mwaka wa tatu hakuonekana siku hiyo. Na nyumbani, jioni, watu wawili wazima walipakuliana chakula kwa adabu ya wageni.

"Chumvi?"

"Inatosha."

"Mkuu ndiye anagonga muhuri sasa," akasema mkutubi, maana kutosema kungekuwa kumficha. "Anagonga bila kusoma. Foleni inakwenda haraka, watu wanamsifu."

Mwalimu alitafuna muda mrefu. "Kwa hiyo nikienda kwake atagonga."

"Atagonga."

"Na wewe utafanyaje?"

"Sina muhuri, Mwalimu. Sina cha kufanya. Nimekwambia kilichopo."

*

Ijumaa. Kutoka kaunta ya maktaba, ukisogea kidogo kushoto, unaona kupitia dirishani foleni ya ofisi ya usajili ng'ambo ya ua. Mkutubi alisogea kushoto tangu saa tatu.

Saa tano kasoro alimwona. Suti yake ya kahawia, ile moja, na kwapani tasnifu imejalidiwa tayari, jalada la kijani. Kati ya rangi zote! Alikuwa nyuma ya watu kama thelathini. Foleni ikasogea. Alikuwa ameshika fomu kwa mkono mwingine, na hata kwa mbali ile alama ya zambarau ya muhuri ilionekana.

"Mama, kadi yangu imeisha muda."

"Leta."

Alipoinua macho, watu ishirini. Akahuisha kadi nyingine. Watu kumi na wawili. Mwalimu alikuwa anafungua tasnifu katikati, anasoma, anafunga. Anafungua tena. Binti mmoja akaja na swali la majarida ya mtandaoni, hayafunguki, nywila inakataa. Mkutubi akamwonyesha, mikono ikifanya kazi peke yake, andika hapa, futa hapo, jaribu tena. Dakika saba, nane. Aliporudi dirishani foleni ilikuwa na watu wanne, na suti ya kahawia haikuwepo.

Hakujua. Hilo ndilo lililomuua mchana ule wote: hakujua kama alifika mbele au alitoka pembeni.

Jioni alirudi nyumbani. Mwalimu amelala kwenye kochi na viatu vyake, kitu ambacho hajawahi kufanya. Mama yake mkutubi alikuwa ameketi mezani, ameng'ang'ania kufika pale na fimbo yake, na mbele yake ile tasnifu ya kijani. Ilikuwa imekatwa uzi katikati. Sura ya pili ilikuwa imetolewa, kurasa zimekaa pembeni zimenyooshwa vizuri.

"Amerudi saa saba," mama akanong'ona. "Ameniomba mkasi."

Mkutubi alimvua mume wake viatu, kimoja, kingine. Hakuamka, au alijifanya.

*

Jumatatu Mwalimu alikabidhi ofisi. Funguo tatu, daftari la mahudhurio, kengele. Yule kijana aliyemfundisha kujumlisha alipokea kwa mikono miwili, akainama, akamwita mwalimu wangu mbele ya wote, na heshima ile ilimchoma kuliko matusi. Walimu wenzake wakajifanya wana haraka. Mwanamke anayeuza maandazi getini akamuuliza, "Mwalimu, leo mapema?" Akasema ana safari kidogo.

Maktaba ilikuwa imepoa, wiki ya tasnifu imeisha. Mkutubi alikuwa na foleni ya watu watatu tu. Wa kwanza ni yule kijana wa mwaka wa tatu.

"Mama, kile kitabu. Ulisema kesho, nikaumwa."

"Hakipo, mwanangu. Hakijawahi kuwepo. Mimi ndiye nilikitunga kama mfano, wenzako wakakichukua. Nisamehe."

Kijana akamkodolea macho. "Sasa wao waliandikaje wamekisoma?"

"Waulize wao. Wewe ndiye wa kwanza kuja kukitafuta."

Kijana akasimama akifikiria, hajui kama amesifiwa au amepotezewa wiki. Vyote viwili. Mkutubi akampa kikaratasi chenye namba za rafu mbili, vitabu vya kweli hivi, aliviona mwenyewe asubuhi. Akaenda.

Wa pili alirudisha vitabu. Mkutubi akavipokea, akavipanga, akasema bila kuinua kichwa, "Anayefuata."

Suti ya kahawia.

Wakatazamana. Alikuwa amesimama nyuma ya ule mstari mweupe uliochorwa sakafuni, kama wanafunzi wanavyotakiwa, na alikuwa ameshika daftari jipya na kalamu.

"Mwalimu, pita huku ndani."

"Hapana. Nipo kwenye foleni." Akakohoa. Nyuma yake binti mmoja alikuwa ameshafika, anasikiliza wazi kabisa. "Nilikuwa naomba kusaidiwa kutafuta kitabu."

"Kitabu gani?"

"Sikijui."

"Cha nani?"

"Hata hilo sijui." Akageuzageuza kalamu. "Nataka kujua kama kuna mtu, mtu wa kweli, ameandika kuhusu watoto na kuhesabu kwa vitu. Na jinsi ya kumhoji mtu mzima bila kumwekea maneno mdomoni. Mama mkwe anasema yuko tayari, ila anataka maswali kwa maandishi."

Binti wa nyuma akacheka kidogo. Mwalimu hakugeuka.

Mkutubi alifungua droo kutafuta kalamu. Mahali pa muhuri palikuwa patupu, duara la wino wa zambarau limebaki kwenye mbao. Akachukua karatasi nyeupe, si ile ya mafunzo, karatasi tupu. Akaisogeza katikati ya kaunta, upande wake yeye na upande wa mume wake.

"Miezi minane inatosha," akasema. "Andika kwanza unachotaka kujua. Usiandike unachokijua."

Mwalimu akaegemea kaunta, akafungua kalamu, akaanza kuandika taratibu, mwandiko wake mkubwa wa ubaoni.